Hewa Ukaa Inayolimbikizana: Sayansi, Madhara na Siasa za Mabadiliko ya Tabianchi

Mwaka 2020, viwanda vilipofungwa na ndege kuegeshwa kwa sababu ya janga la korona, uzalishaji wa hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia ulipungua duniani kwa takriban asilimia 5, anguko ambalo halikuwa limeonekana tangu Vita vya Pili vya Dunia. Hata hivyo, kiwango cha gesi hiyo angani kiliendelea kupanda mwaka huo karibu sawa na kilivyopanda miaka iliyotangulia, na wapo waliolichukua jambo hilo kuwa ushahidi kwamba binadamu hana mkono katika mabadiliko ya tabianchi. Hitimisho hilo ni potofu, lakini linaonyesha vizuri mahali mjadala huu unapokwama. Watu wengi, wakiwamo baadhi ya watunga sera, huchanganya kiasi cha gesi kinachotolewa kila mwaka na jumla ya gesi ambayo imekwisha kulimbikizwa angani, ilhali joto la dunia hufuata hiyo jumla. Anayetoa tani 95 mahali pa tani 100 hajapunguza chochote kilichoko angani. Ameongeza tani 95. Karibu kila ugumu unaolikabili suala hili, kuanzia maabara hadi meza za mazungumzo ya kimataifa, unatokana na tofauti hiyo.

Fizikia yenyewe ni ya zamani kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1824 Mfaransa Joseph Fourier alijiuliza kwa nini dunia haina baridi kali zaidi, akakisia kwamba angahewa huupa mwanga wa jua nafasi ya kuingia kwa urahisi kuliko inavyolipa joto nafasi ya kutoka. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote aliweka juani mitungi ya kioo yenye gesi tofauti pamoja na vipimajoto, akaona kuwa mtungi wenye hewa ukaa ulipata joto zaidi na ulichelewa kupoa. Miaka mitatu baadaye John Tyndall, jijini London, alilichunguza jambo hilo kwa vipimo makini: alipitisha mionzi ya joto ndani ya bomba la shaba lililojazwa gesi, ncha zake zikiwa zimezibwa kwa vipande vya chumvi ya mawe, kwa kuwa kioo cha kawaida huizuia mionzi hiyo na kingevuruga jaribio zima. Naitrojeni na oksijeni, ambazo kwa pamoja ndizo karibu angahewa yote, zilipitisha mionzi hiyo kana kwamba bomba lilikuwa tupu. Mvuke wa maji na hewa ukaa, ambazo ni sehemu ndogo mno ya angahewa, ziliinyonya. Bila gesi hizo chache wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa kiasi cha nyuzi 18 chini ya sifuri, si nyuzi 15 juu yake kama ulivyo.

Kuna pingamizi moja dhidi ya maelezo haya ambalo linastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu liliwahi kuwashawishi wanasayansi wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, kufuatia majaribio ya Msweden Knut Ångström, wengi waliamini kuwa hewa ukaa iliyopo tayari inanyonya mionzi yote inayoweza kuinyonya, na kwamba kuiongeza hakuwezi kubadili kitu. Hoja hiyo inaichukulia angahewa kama ukuta mmoja, jambo ambalo si kweli. Molekuli inayonyonya mionzi ya joto huitoa tena nishati hiyo kuelekea pande zote, tabaka baada ya tabaka, mpaka kwenye kimo ambako hewa ni nyepesi kiasi kwamba mionzi inatoroka moja kwa moja kwenda anga za mbali. Kimo hicho ndicho kinachoamua kiasi cha nishati ambacho dunia inapoteza. Hewa ukaa ikiongezeka, kimo hicho husogea juu zaidi. Huko juu kuna baridi zaidi, na hewa yenye baridi hutoa mionzi hafifu. Nishati inayotoka inakuwa pungufu ya ile inayoingia kutoka kwenye jua, na dunia haina budi kupata joto hadi uwiano huo urejee.

Maelezo hayo yanaleta utabiri ambao unaweza kupimwa, na binafsi ninauona kuwa ushahidi wenye nguvu kuliko grafu yoyote ya joto. Kama ongezeko la joto lingesababishwa na jua kuwa kali zaidi, angahewa yote ingepata joto, kuanzia chini hadi juu. Kama linasababishwa na hewa ukaa, tabaka la chini linapaswa kupata joto huku tabaka la juu liitwalo stratosfia likipoa. Syukuro Manabe na Richard Wetherald walionyesha hivyo kwa hesabu za kompyuta mwaka 1967, kabla ya kuwapo vipimo vya satelaiti vya kuwahakiki. Vipimo vilivyofuata vimeonyesha hasa hicho: chini kunapata joto, juu kunapoa, ingawa sehemu ya upoaji huo imetokana na kupungua kwa ozoni, gesi ya tabaka hilo inayonyonya mionzi hatari ya jua. Manabe alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021.

Swali la pili ni kama hewa ukaa inayoongezeka ni ya kwetu. Charles David Keeling alianza kuipima mwaka 1958 juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, mbali na miji na misitu, akapata kiasi cha sehemu 315 kwa kila milioni. Grafu yake hupanda na kushuka kila mwaka, kwa kuwa mimea ya nusu ya kaskazini ya dunia huivuta gesi hiyo inapochipua na kuiachia majani yanapooza, lakini kila kilele kiko juu ya kile cha mwaka uliopita. Sasa kiwango kimepita 420. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika yanaonyesha kuwa katika miaka 800,000 kabla ya enzi ya viwanda kiwango hicho kilikuwa kikicheza kati ya takriban 180 na 300. Kuhusu chanzo, kaboni inayochimbwa ardhini imekaa mamilioni ya miaka, muda wa kutosha kwa aina ya kaboni yenye unururifu, kaboni-14, kwisha kabisa. Na kwa hakika kaboni iliyoko angani imekuwa ikizimuliwa na kaboni isiyo na alama hiyo. Ralph Keeling, mwana wa Charles, amekuwa akipima pia oksijeni, ambayo inapungua kidogo kidogo kama inavyotarajiwa pale kitu kinapochomwa. Volkano hazitumii oksijeni namna hiyo, na bahari ingekuwa ndiyo inayotoa gesi hii isingekuwa inaongezeka asidi.

Hesabu ya jumla

Takriban nusu ya hewa ukaa tunayotoa hunyonywa na bahari, mimea na udongo. Nusu nyingine hubaki angani, na sehemu yake, kati ya asilimia 15 na 40 ya kile kilichotolewa, itakuwa bado iko huko baada ya miaka 1,000. Ndiyo maana wanasayansi wameweza kuufupisha uhusiano wote huo katika kanuni moja: kila tani bilioni 1,000 za hewa ukaa huongeza joto la dunia kwa takriban nyuzi 0.45, na haijalishi sana zilitolewa mwaka gani wala katika nchi gani. Kati ya mwaka 1850 na 2019 binadamu walitoa kiasi cha tani bilioni 2,400. Msomaji akizidisha atapata takriban nyuzi 1, na wastani uliopimwa katika muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa nyuzi 1.1 juu ya ule wa nusu ya pili ya karne ya 19. Ulinganifu huo usichukuliwe kuwa kamili, kwa kuwa methani na gesi nyingine huongeza joto huku chembechembe za salfa zitokanazo na moshi zikilipunguza kwa kuakisi mwanga wa jua, na athari hizo mbili hufutana kwa sehemu.

Methani inahitaji neno lake. Tani moja ya gesi hiyo hunasa joto zaidi ya mara 80 ya tani moja ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 20, lakini hudumu angani kwa takriban miaka 12 tu. Hivyo kuipunguza huleta nafuu ya haraka, ila nafuu hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya kupunguza hewa ukaa. Salfa nayo ina kinaya chake: ni sumu kwa mapafu na kila serikali ina sababu nzuri ya kuiondoa, lakini kadiri moshi unavyosafishwa, kama zilivyotakiwa kufanya meli zote za kimataifa kuanzia mwaka 2020, ndivyo sehemu ya joto iliyokuwa imefichwa inavyojitokeza.

Kutokana na kanuni ya jumla yanafuata mambo mawili ambayo husahauliwa. La kwanza ni kwamba joto litaacha kupanda pale tu utoaji halisi wa hewa ukaa, yaani kinachotolewa ukitoa kinachoondolewa angani, utakapofikia sifuri. Kuupunguza nusu kunapunguza kasi tu. La pili ni kwamba baada ya kufikia sifuri joto halitarudi chini lenyewe. Litatulia pale lilipofikia, kwa muda wa karne nyingi.

Madhara, na namna ya kuyahusisha na chanzo chake

Hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi 1, na kutokana na ukweli huo mmoja hutokea mambo mawili yanayoonekana kupingana: mvua kubwa zinakuwa kubwa zaidi, na ardhi isiyopata mvua inakauka upesi zaidi, kwa kuwa hewa yenye kiu huvuta maji kutoka kwenye udongo na mimea. Nyuzi 1 haisikiki kuwa kitu kikubwa kwa mtu anayeona joto likibadilika kwa nyuzi 10 kati ya asubuhi na adhuhuri, lakini wastani ukisogea kidogo, matukio yaliyokuwa nadra sana kwenye ukingo huongezeka maradufu na zaidi.

Je, tukio fulani linaweza kuhusishwa na mabadiliko ya tabianchi? Kwa miaka mingi jibu la kawaida lilikuwa kwamba haiwezekani kusema lolote kuhusu tukio moja. Jibu hilo limepitwa na wakati. Baada ya wimbi la joto la mwaka 2003 lililoua watu zaidi ya 70,000 barani Ulaya, watafiti walilinganisha uwezekano wa wimbi hilo katika dunia hii na uwezekano wake katika dunia ya kukokotoa isiyo na gesi zilizoongezwa na binadamu, wakaona kuwa uwezekano huo ulikuwa umeongezeka angalau mara mbili. Njia hiyo sasa hutumika ndani ya wiki chache baada ya maafa, na thamani yake ni kwamba wakati mwingine hujibu hapana. Mfano mzuri ni ukame wa aina mbili. Kusini mwa Madagaska, ukame wa 2019 hadi 2021 ulitangazwa sana kuwa njaa ya kwanza ya tabianchi, lakini uchunguzi wa kundi la World Weather Attribution ulikuta kwamba upungufu ule wa mvua ulitokana hasa na mabadiliko ya kawaida ya hali ya hewa, huku umaskini ukiufanya uwe wa kuua. Katika Pembe ya Afrika, ambako misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa kuanzia mwishoni mwa 2020, kundi hilohilo lilikuta hali tofauti kabisa: ukame wa kilimo uliotokea ulikuwa umefanywa uwezekane kwa takriban mara 100 zaidi, na sababu kubwa ilikuwa joto lililokausha udongo. Bila ongezeko hilo la joto, mvua hizohizo chache zisingetosha kuleta ukame wa kiwango kile. Mtu anayelaumu tabianchi kwa kila janga huwapa viongozi wazembe mahali pa kujificha, na anayekataa kuilaumu kwa lolote hupuuza vipimo.

Bahari huchukua zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada. Maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu ikiyeyuka huyaongeza. Kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari ulipanda kwa takriban sentimita 20, na kasi imeongezeka kutoka milimita 1.3 kwa mwaka katika sehemu kubwa ya karne ya 20 hadi milimita 3.7 kati ya 2006 na 2018. Hapa ucheleweshaji ni mrefu mno: hata joto likitulia leo, bahari itaendelea kupanda kwa karne kadhaa. Matumbawe hayana muda huo. Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, lililoundwa mwaka 1988, linakadiria kuwa asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe ya maji ya joto yatapotea joto likiongezeka kwa nyuzi 1.5, na zaidi ya asilimia 99 likifikia nyuzi 2. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kupita nyuzi 1.5, ingawa Makubaliano ya Paris, mkataba wa kimataifa unaojitahidi joto lisizidi kiwango hicho, yanahusu wastani wa miaka mingi na si mwaka mmoja.

Kwa nini sera zinakwama

Huwa inaulizwa kwa nini dunia iliyoweza kuiokoa ozoni kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 inashindwa na hewa ukaa. Gesi zilizoharibu ozoni zilitengenezwa na kampuni chache, zilitumika katika bidhaa chache kama majokofu na makopo ya kupulizia, na mbadala wake ulipatikana mapema. Hewa ukaa hutoka katika umeme, usafiri, chuma, saruji, mbolea na ukataji wa misitu, yaani katika takriban kila kitu. Saruji inaonyesha ugumu huo vizuri: hata tanuru likiendeshwa kwa umeme wa jua, mawe ya chokaa yanapochomwa hutoa hewa ukaa kutoka ndani ya jiwe lenyewe.

Juu ya hilo kuna suala la nani alichangia nini, na hapa jumla inarudi tena. Ukihesabu utoaji wa mwaka mmoja, China inaongoza kwa takriban asilimia 30 ya hewa ukaa yote ya nishati. Ukihesabu jumla ya tangu enzi ya viwanda, Marekani inaongoza kwa takriban robo. Ukigawa kwa idadi ya watu, India iko chini ya nusu ya wastani wa dunia, na Afrika, yenye karibu moja ya tano ya watu wote, hutoa chini ya asilimia 4. Kila hesabu ni sahihi, na kila nchi huja mezani na ile inayoifaa. Kwa kuwa joto hufuata jumla, nadhani hesabu ya kihistoria ndiyo yenye haki zaidi katika kugawa gharama. Lakini tani ambazo bado zinaweza kuzuiwa ziko katika utoaji wa sasa na ujao, ambao sehemu yake kubwa iko katika nchi zinazoinukia kiuchumi. Mkataba unaotaka kuwa wa haki na wenye matokeo kwa pamoja hauwezi kulikwepa pengo hilo isipokuwa kwa fedha kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Historia ya mazungumzo ni historia ya kuzunguka suala hilo. Mkataba wa Rio wa 1992 ulikiri kuwa nchi zote zina wajibu wa pamoja lakini wenye tofauti. Itifaki ya Kyoto ya 1997 iliziwekea masharti nchi tajiri peke yake, na hata kabla haijakamilishwa Seneti ya Marekani ilikuwa imepiga kura 95 kwa 0 kupinga mkataba wowote usiozibana nchi zinazoendelea. Makubaliano ya Paris ya 2015 yaligeuza utaratibu: kila nchi hujipangia mchango wake, huutangaza, na huuboresha kila baada ya miaka mitano, bila adhabu kwa anayeshindwa. Utaratibu huo ulizileta takriban nchi zote ndani, kwa gharama ya kutokuwa na meno. Ilichukua mikutano 28 ya kila mwaka, hadi Dubai mwaka 2023, kwa hati ya mwisho kuzitaka nchi ziondokane na makaa ya mawe, mafuta na gesi katika mifumo yao ya nishati.

Fedha zimekuwa hivyohivyo. Dola bilioni 100 kwa mwaka zilizoahidiwa Copenhagen mwaka 2009 ili zifikiwe ifikapo 2020 zilifikiwa mwaka 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Mwaka 2024 mjini Baku ahadi mpya iliwekwa ya dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, wakati nchi zinazoendelea zilikuwa zimetaka trilioni 1.3. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi maskini zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulikubaliwa mwaka 2022, miaka 31 baada ya visiwa vidogo, vikiongozwa na Vanuatu, kulitoa wazo la aina hiyo. Mwezi Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa ombi lililoanzishwa na Vanuatu hiyohiyo, ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kuilinda tabianchi. Maoni hayo hayamlazimishi mtu kulipa, lakini yatasomwa mahakamani kwa miaka mingi ijayo.

Ndani ya nchi, wachumi wengi hupendelea kutoza kodi kila tani ya kaboni, na Sweden imefanya hivyo tangu 1991 bila uchumi wake kuanguka. Ufaransa ilipopanga mwaka 2018 kupandisha tena kodi ya mafuta, waandamanaji wa vizibao vya njano walijaza barabara hadi ongezeko hilo likasitishwa, kwa kuwa aliyeumia zaidi ni mfanyakazi wa kipato kidogo anayeishi mbali na usafiri wa umma. Kilichofanikiwa kuliko kodi, na pengine kuliko mikataba, ni kushuka kwa bei: umeme wa paneli za jua ulishuka gharama kwa takriban asilimia 90 katika muongo ulioanza 2010, kutokana na ruzuku za mapema za nchi kama Ujerumani na uzalishaji mkubwa wa China. Mafanikio hayo ni ya kweli, ila umeme ni sehemu moja tu ya nishati yote inayotumika duniani.

Kwa sera zilizopo sasa dunia inaelekea karibu nyuzi 3 mwishoni mwa karne, na mipango mingi rasmi inayolenga nyuzi 1.5 sasa inakubali kuwa kiwango hicho kitapitwa kwanza, kisha joto lishushwe kwa kuiondoa hewa ukaa angani. Kanuni ya jumla inaweka bei ya mpango huo wazi. Kushusha joto kwa nyuzi 0.1 kunahitaji kuondoa takriban tani bilioni 220, yaani zaidi ya utoaji wa dunia nzima kwa miaka mitano. Kwa sasa zinaondolewa kiasi cha tani bilioni 2 kwa mwaka, karibu zote kwa kupanda na kurejesha misitu, ambayo inaweza kuungua na kuirudisha kaboni hiyo angani. Mitambo inayoikamata kutoka hewani na kuizika ardhini huchangia sehemu isiyofikia asilimia 1. Na hakuna mkataba wowote wa kimataifa unaosema tani hizo bilioni 220 ziondolewe na nani.